Jinsi Pikapu ya Huqa Ilivyofunzwa Kusimama

Wekeni vikombe chini, enyi watu wa Bulla Pesa, nanyi wa Kiwanjani mliokuja kununua mkate mkanasa hapa mlangoni. Mwenye duka na aliache duka, mwenye mbuzi na amfunge mbuzi wake, kwa maana mimi Karanja, mpika chai mkabala na gereji, niliyeyaona mambo haya kwa macho yangu huku maziwa yakinifurikia jikoni, nataka kusimulia vita visivyokuwa na mkuki wala ngao, vita vilivyopiganwa kwa spana, nyundo na matusi machache, hata gari moja kuukuu, lililoishi maisha yake yote bila adabu, likafunzwa kusimama linapoambiwa simama. Anayesema jambo hilo ni dogo hajapata kuteremka laga akiwa ndani ya gari la Huqa. Na wewe wa kule nyuma, punguza kufyonza chai, historia inapita.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, au tuseme iliyowahi kuwa nyeupe, iliyobeba maziwa ya ngamia kutoka maboma ya Kulamawe hadi mjini. Mwenyewe alikuwa Huqa, dereva mwenye moyo mwepesi na mguu mzito, na mkewe alikuwa Deeqa, malkia wa mitungi, mwanamke ambaye akikohoa sokoni bei ya maziwa inasogea. Breki za mbele za gari hilo zilikuwa na haya kidogo. Za nyuma hazikuwa na haya hata chembe. Zilikuwa breki za dramu, yale masufuria ya chuma yanayofunika breki nyuma ya gurudumu, na kila laga iliyovukwa, ile mito yetu ya mchanga isiyoona maji ila siku ya mafuriko, iliyajaza changarawe na tope, hata yakalika yakapoteza mviringo. Yakirekebishwa Jumatatu, kufika Jumatano yamesahau kila kitu.

Ndipo ikazaliwa desturi ya gari lile, na sijui gari jingine lenye desturi kama hiyo: anayekaa karibu na mlango ndiye anayepakata jiwe. Lilikuwa jiwe zito, la ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Gari likikata tamaa ukingoni mwa laga, dereva hupaza sauti, naye mwenye jiwe huruka chini akalisukuma nyuma ya gurudumu kabla hatujarudi tulikotoka. Hakuna aliyesamehewa. Mwalimu alilipakata, shehe alilipakata, na mimi nimelipakata nikiwa nimevaa suti ya mazishi.

Sasa sikieni msiba. Siku moja Huqa alimpakia mama yake mzazi, bibi Tiya wa Kulamawe, ambaye mji mzima humwita Akko, kwa kuwa ndivyo Waborana wamwitavyo nyanya. Akko alikaa karibu na mlango. Mtu mmoja asiye na akili, ambaye simtaji kwa sababu huenda ananunua chai kwangu, akamwekea jiwe mapajani kwa mazoea tu. Tukateremka laga, tukaanza kupanda upande wa pili, gari likaguna, likachoka, na Huqa, bila kugeuza shingo kuangalia nani amekaa wapi, akaita kwa sauti ya amri: "Jiwe."

Akko akashuka. Akaliweka jiwe nyuma ya gurudumu, kwa kuwa yeye si mtu wa kuacha kazi katikati, na akaliweka vizuri kuliko sisi sote. Kisha akajifunga leso yake, akasimama mbele ya dirisha la mwanawe, akatoa hotuba.

"Huqa," akasema, "mimi nilikubeba mgongoni mwaka ule wa ukame, nikatembea na wewe mpaka miguu ikapasuka, na sikukudondosha hata siku moja. Leo wewe umenibeba kidogo tu, unanipatia mawe. Hii gari yako sitaingia tena mpaka isimame yenyewe, bila kusaidiwa na wazee."

Akageuka akaenda zake kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Wallahi hata ngamia walimpisha.

Miezi ikapita, Akko akashika neno lake, na Huqa akazoea kupeleka salamu badala ya kumleta mama. Lakini mambo yasiyomalizwa huja kudai siku ya sherehe. Nimo, bintiye Huqa na Deeqa, akachumbiwa, nikaha ikapangwa Jumapili nyumbani Kiwanjani, na Nimo huyo alilelewa na Akko tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipoingia shule ya bweni. Juma lile lile la harusi akawaita wazazi wake, akawaambia kwa upole ulioogofya kuliko kelele: "Kama Akko hayuko, mimi sitoki chumbani. Shehe aje, bwana harusi aje, wale pilau yao, kisha waende nyumbani." Majirani wenye magari mazuri wakajitolea kwenda kumchukua. Akko akawarudisha wote na shukrani. Mwanawe ana gari, alisema, na yeye hataletwa kwenye harusi ya mjukuu wake na gari ya wenyewe kama mgonjwa.

Basi hapo ndipo Huqa alipolielekeza gari gereji, asubuhi ya Jumatano, akalisimamisha kwa kuligonga tairi kuukuu lililolala pale kwa kazi hiyo hiyo.

Na nani aliyetoka chini ya lori jirani, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono? Alikuwa Gerishon Kirigia, mwana wa milima ya Meru aliyeteremka Isiolo kutengeneza gari moja tu na hajarudi hata leo. Gerishon mfungua nati zilizoapa kutofunguka, msikilizaji wa injini, mtu mwenye kiburi kingi na, nakiri kwa shingo upande, kipaji cha kutosha kukibeba.

"Habari ya asubuhi, Mzee Huqa."

"Habari si nzuri, fundi." Huqa akamweleza yote, mama, jiwe, binti, nikaha, na mwisho akafikia lile linalowaumiza wanaume kulisema. "Na mfuko, fundi, mfuko umeisha. Mchele, mbuzi, turubai, na viatu vya bibi harusi ambavyo vina bei ya mbuzi. Nimebaki na pesa ya kuomba msamaha tu."

Gerishon akainama, akatazama nyuma ya gurudumu, akaigonga dramu kwa kidole kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Kisha akasimama wima, akaweka spana begani, akanena:

"Mzee Huqa, sikiliza mimi. Hizi dramu nimezitengeneza mara nyingi mpaka zinanijua jina. Zimekwisha. Nikikuwekea zingine kama hizi, mchanga utaingia na utabaki ndani, na wewe utabaki na jiwe lako. Mimi nasema tuzing'oe. Nyuma tunaweka diski, sahani ya chuma iliyo wazi, na kalipa ya kuibana huku na huku. Mchanga ukiingia unatoka. Maji yakiingia yanakauka. Mpya hatuwezi, hiyo ni ya watu wa Nairobi. Lakini kuna gari dogo limekufa nyuma ya yadi ya vyuma, limegongwa mbele, nyuma ni zima. Mama yako ataketi mbele, na hakuna mtu atapakata kitu."

Huqa akamsogelea. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho mimi, kwa adabu, nilijifanya sikukiona, nikatazama chai.

Wakaenda yadi ya vyuma, na huko palikuwa na mapambano ya kwanza, ya maneno. Mwenye yadi alitaka kuwapa kalipa za mbele za gari jingine, nzuri, za bei ya chini. Mtu wa kawaida angezikumbatia. Gerishon akazisukuma kando. Kalipa za mbele, akasema, hazina mkono wa kuvuta waya wa hendibreki, na dramu zikiondoka hendibreki inaondoka nazo, kwa hiyo tutasimamisha gari mlimani na nini? Mwenye yadi, asiyejua habari yetu, akasema: "Si uweke jiwe." Huqa alitaka kumpiga. Gerishon akambembeleza, akalala chini ya lile gari lililokufa, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na adhuhuri ilipoingia akatoka na kalipa za nyuma zenye mkono wake, diski zake, na mkwaruzo mrefu kwenye paji la uso ambao mpaka leo anauonyesha wageni.

Alhamisi vita vikaiva. Nati ya kwanza ilifunguka kwa heshima. Ya pili ikadai mafuta. Ya tatu ilikuwa na kutu ya ukoo mzima, nayo ikakataa. Gerishon akaivika bomba refu juu ya spana, akaweka mguu mmoja kwenye tairi na mwingine ukutani mwa kibanda changu, akavuta mpaka vikombe vyangu vikalia rafuni. Nati ikalegea ghafla, naye akatua ndani ya karai la maji ya tairi. Nilicheka mpaka nikaunguza chapati. Alitoka mle majini bila kunitazama, akaendelea na ya nne.

Dramu zikatoka, zikamwaga mchanga wa laga zote za Isiolo sakafuni. Sasa kalipa zilihitaji mahali pa kushikia, na mhimili wa gari haukuwa na mahali hapo. Ndipo akaitwa Kagwiria, mwanamke wa Meru, bingwa wa kuunganisha vyuma, ambaye humwona Gerishon kama mtoto wa jirani anayehitaji kurudiwa. Akakata mabamba kutoka chini ya kinu cha posho kilichostaafu, akayatoboa, akayapima, akayachomea kwenye mhimili kwa cheche zilizotawanya kuku wa mtaa.

"Weka hivi," Gerishon akamwamuru, akishika kalipa. "Mpira wa kupitisha mafuta ya breki uangalie juu. Njia ya maboma ina mawe yanaruka. Fundi wa mjini angeuacha mpira chini, jiwe la kwanza lingeupasua. Mimi najua barabara zetu, Kagwiria. Hii ni akili ya Isiolo."

"Akili ya Isiolo," Kagwiria akasema, akishusha kioo chake cha kujikinga, "isikuwe ndiyo ile ya mawe." Lakini akachomea kama alivyoambiwa.

Ijumaa asubuhi, mashujaa wangu, kila kitu kilikuwa kimekaa. Diski zilimeta. Kalipa zilishika. Lilibaki jambo dogo la kutoa hewa. Kwa wale wasiojua: breki hushika kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba, na hewa ikibaki mle ndani, mguu unabana hewa badala ya kubana chuma. Kwa hiyo kila kalipa ina skrubu yake ya kutolea hewa. Huqa akapanda, Gerishon akalala chini, na ikaanza ile sala ya mafundi wote.

"Pampu."

"Nimepampu."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Mafuta yakatoka kidogo, skrubu ikafungwa. Huqa akakanyaga kujaribu, na kanyagio likazama mpaka sakafuni, laini, bila upinzani wowote, kama mguu ulioingia kwenye uji. Wakarudia. Wakarudia tena. Wakamaliza chupa ya mafuta wakaagiza nyingine. Adhana ya Ijumaa ikalia, Huqa akaenda kuswali, na naamini aliomba kuhusu kalipa; akarudi, wakarudia. Jua likaanza kuegemea. Gerishon, mfungua nati, akatoka chini ya gari akakaa juu ya tairi, akaiweka spana chini. Huqa alikaa kwenye usukani akitazama mbele, mahali pasipokuwa na kitu.

"Nitamwambia Nimo mwenyewe," akasema Huqa polepole. "Si kosa lako, fundi. Ni mimi niliita jiwe."

Niliumia, sitawaficha. Nikawapelekea chai bila kuulizwa, na mnajua mimi si mtu wa mambo hayo.

Wakati huo Deeqa alikuwa amefika na mitungi yake, kwa kuwa biashara haijui harusi, akawa kivulini mwa kibanda changu akihamisha maziwa ya ngamia kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine. Alijaza mpaka mdomoni, akasubiri, akaacha povu lipande na kumwagika pembeni, akaongeza, likamwagika tena, ndipo akafunga. Gerishon alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Mama Nimo, mbona unamwaga maziwa?"

"Maziwa simwagi, namwaga hewa," Deeqa akajibu bila kusimamisha mkono. "Nikifunga na povu, ikifika njiani inatikisika, kifuniko kinaruka, gari yote inanuka. Povu inakaa juu, mdomo uko juu, inatoka. Kwani kwenu Meru povu inakaa chini?"

Gerishon akaweka kikombe chini polepole. Akautazama mtungi. Akaitazama kalipa. Akainama, akaingia chini ya gari mpaka kiunoni, na kutoka huko chini tukasikia sauti ndogo sana ikimwita Mungu kwa lugha ya kwao: "Ngai."

Akatoka, akajikung'uta, akasimama mbele yetu sote, Kagwiria akiwemo, aliyekuja kuchukua vyombo vyake. "Wazee, mama, na wewe Kagwiria usicheke kwanza. Mimi niligeuza kalipa juu chini ili mpira uangalie juu. Na skrubu ya kutoa hewa ikaenda chini. Tangu asubuhi natoa mafuta kwa mlango wa chini, na hewa imeketi juu, imetulia, inatusikiliza tukihangaika. Barabara nilijua. Kalipa nilisahau."

Kagwiria alicheka. Alicheka akaketi chini, akashika ubavu, akaendelea. Alipoweza kusema aliuliza kama anataka akate akachomee upya, na Gerishon akatikisa kichwa, kwa kuwa siku za kukata na kuchomea zilikuwa zimekwisha. "Hapana. Mpira ubaki juu, hiyo nilisema sawa. Tunaifungua tu kalipa kwenye bamba lake, tunaiinua, skrubu iangalie mbinguni, tunatoa hewa, tunairudisha. Mtu aishike vizuri. Na kati ya pedi, zile zinazoibana diski, tuweke kibao, ili zisifungane."

Oneni sasa, enyi msikilizao, saa ile ambayo mtaa mzima ulisimama. Kagwiria mwenye mabega ya chuma akaipokea kalipa mikononi, mpira wake ukining'inia, akaigeuza juu na kuishikilia juu kabisa, huku kibao cha sanduku la nyanya za sokoni kikibanwa kati ya pedi zake; Gerishon akipiga magoti mbele yake na spana ndogo; Huqa mwenye mguu mzito juu ya kanyagio; Deeqa akimimina mafuta kwa mkono ule ule unaojua kujaza bila kumwaga; na mimi Karanja nikishika kikopo cha kukingia, kazi muhimu, ambayo wengine huisahau wanapoisimulia habari hii.

"Pampu."

"Nimepampu."

"Shikilia."

Skrubu ikafunguliwa, na hewa ikatoka ikilia na kutema povu jeupe, pumzi ndefu ya adui aliyegunduliwa alipojificha. Upande wa kushoto ukafuata. Kalipa zikarudi mahali pake. Huqa akakanyaga, na kanyagio likamrudishia mguu. Akakanyaga tena, likakataa kuzama. Akashuka garini, mtu mzima mwenye mvi, akaruka ruka mbele ya kibanda changu akimzunguka Gerishon, na Gerishon, ambaye huwa hapendi kushikwa, akajikuta naye anaruka, na Deeqa akawaambia wasimwage maziwa.

Jumamosi tukaenda Kulamawe: Huqa usukanini, Deeqa karibu naye, Gerishon na mimi nyuma, kwa kuwa nilifunga kibanda, jambo ambalo sijafanya hata kwa homa. Akko Tiya alitungoja nje ya nyumba yake. Hakutusalimu kwanza. Alizunguka gari, akachungulia sakafu ya nyuma, akatutazama mikononi, nasi tukainua viganja vitupu. Gerishon akajitokeza na hotuba aliyoitunga njia nzima.

"Salaam aleikum, Akko. Mimi ni Gerishon, nilikuwa adui wa gari hii kabla yako. Tumeivua dramu, tumeivika diski, na hewa yote imetoka. Ikikosa kusimama, nitatembea na wewe kwa miguu mpaka Isiolo, na mizigo yako nitabeba kwa kichwa."

"Aleikum salaam," akasema Akko. "Kichwa yako ni ndogo. Fungua mlango."

Deeqa akaja nyuma nasi, Akko akaketi mbele peke yake na mwanawe, na safari ikaanza. Nilimwona kupitia kioo kilicho nyuma ya kiti chake: mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika leso. Tulipofika laga, ukingo mrefu wa kuteremka, Huqa alipunguza mwendo, na tulipofika katikati ya mteremko, ngamia wakatokeza kutoka vichakani, kundi zima, na ndama wao, wakivuka barabara kana kwamba waliitengeneza wao. Huqa akakanyaga. Gari likasimama. Halikuteleza, halikuguna, halikuomba. Akavuta hendibreki, akaondoa mguu, gari likabaki limesimama pale pale ukingoni, pua yake ikiangalia chini. Mimi, kwa mazoea ya miaka, nilikuwa tayari nimeinama nikitafuta jiwe. Gerishon akanishika mkono. "Karanja," akaninong'oneza, "ukishuka na jiwe, urafiki wetu unaisha hapa."

Ngamia wakapita mmoja mmoja. Ndama wa mwisho alipovuka na bado Huqa alikuwa ameganda, mikono juu ya usukani, akiogopa hata kupumua, Akko akamgeukia.

"Mbona hatuendi?" akasema. "Mtoto anangoja."

Tukaenda. Tukapanda ukingo wa pili, tukashika barabara, na nilipotazama tena kupitia kioo kile, mkono haukuwa mlangoni. Nikasogea karibu nikachungulia. Akko Tiya, aliyelikataa gari lile mbele ya Mungu na ngamia, alikuwa amelala, kichwa begani mwa mwanawe, mdomo wazi, akikoroma. Na Huqa aliendesha akiwa ameinua bega lile kidogo, hakulishusha mpaka mjini, machozi yakimshuka bila kufutwa kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na usukani na mwingine na gia.

Tukaingia Kiwanjani alasiri. Wanawake walikuwa wamejipanga langoni na vigelegele tayari kooni, vijana na ngoma, majirani wote wenye magari mazuri wamesimama kuona. Gerishon akapanda juu ya mitungi ya Deeqa tuliyokuja nayo, kifua mbele, mkwaruzo wake ukielekezwa kwa umati. Huqa akaligusa kanyagio, gari likasimama mbele ya lango taratibu, wala leso ya Akko haikutikisika. Nimo akatoka mbio, hina bado mbichi mikononi, akafika dirishani, akachungulia. Kisha akageuka, akaweka kidole midomoni.

"Shh," akasema, akicheka na kulia. "Akko amelala."

Basi yakatimia, enyi watu wa Isiolo: breki za dramu zikaondoka, za diski zikatawala, nyanya akafika kwa mjukuu wake katika gari la mwanawe, na ushindi mkubwa kuliko wote niliopata kuushuhudia katika mji huu ulishangiliwa na watu wakinyata kwa vidole vya miguu. Vigelegele vikamezwa. Ngoma zikapakatwa. Gerishon Kirigia alishuka kwenye mitungi bila kugonga hata mmoja, umati mzima ukimpa mkono kimya kimya. Na mimi Karanja, ambaye hajatokea mtu wa kuninyamazisha tangu nizaliwe, nikaenda mtu kwa mtu, sikio kwa sikio, nikiitangaza historia kwa kunong'ona.